Kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU, dawati tunachangishwa chini ya mwembe

Mwanzoni mwa mwezi hapa Gungu, Kigoma, huhitaji kalenda, utasikia tu mtu anamuuliza jirani mbona elfu tano yangu imeleta uniti chache hivi, na jirani anamjibu ni ile ya jengo hiyo, imeshakatwa. Kwetu tuko familia tatu kwenye mita moja, mwenye nyumba anaishi Kasulu, kwa hiyo anayewahi kununua umeme wa LUKU, ule wa kulipia kabla, tarehe moja ndo anabeba 1,500 ya kodi ya jengo ya wote mpaka mkae mkumbushane. Mwezi huu niliwahi mimi. Sikulalamika, hela yenyewe ndogo. Ila jioni yake kulikuwa na kikao cha wazazi shuleni kwa mwanangu, na huko ndo nilianza kupiga hesabu ambazo mpaka leo zinanisumbua.

Tulikaa chini ya mwembe maana hakuna chumba cha kutubeba wote. Ubao ulikuwa umeegemezwa kwenye mti, mwalimu mkuu akaandika kwa chaki: mlinzi, rimu za mitihani, maji, kukarabati madawati. Akajumlisha, 6,000 kwa kila mtoto kwa mwaka. Hakuna aliyepiga kelele. Akanyanyuka mama mmoja anayeuza dagaa pale soko la Mwanga, amebeba mtoto mgongoni, akasema, "Mwalimu, mimi nina wanne hapa," halafu akakaa. Basi, hakuongeza neno. Na mwalimu naye alibaki kaangalia chini, kwa sababu yeye sio mtu mbaya, darasa la mwanangu lina watoto zaidi ya mia wakati kiwango cha serikali ni 45, madawati yaliyopo mengine yamebaki chuma tu mbao zimekwisha, na mlinzi anadai miezi.

Sasa fanya hesabu na mimi. Yule mama akilipa yote ni 24,000 kwa mwaka. Nyumba ninayopanga mimi, yenye vyumba sita, kodi ya jengo ni 18,000 kwa mwaka. Yaani muuza dagaa mwenye watoto wanne anatakiwa atoe hela nyingi kwa ajili ya mji huu kuliko nyumba nzima ya mtu mwenye kiwanja, hati na wapangaji watatu. Na mwenye ghorofa pale barabarani ambaye watoto wake wanasoma shule za kulipia mbali huko, kwenye mchango wa shule yetu hatoi hata mia, hana mtoto pale, atoe kwa lipi.

Hapo ndo msingi wa jambo lote kwangu. Kodi ya jengo inamtoza mtu kwa alichonacho, mchango wa shule unamtoza mtu kwa idadi ya watoto wake. Ukiondoa hela ya kwanza mikononi mwa mji, shule haitaacha kuhitaji chaki, itahamia kwenye ile ya pili. Wanasiasa wetu wamezoea kusema tumepunguza kodi, tumefuta ushuru, tumewaondolea wananchi kero, na kweli kuna kero ziliondoka, lakini sehemu ya kero hiyo ilihama tu ikaenda kukaa chini ya mwembe na sasa haina risiti.

Turudi nyuma kidogo, maana haya mambo hayakutokea siku moja. 2003 ilifutwa kodi ya maendeleo, ile wazee wetu waliyoiita kodi ya kichwa, na mimi naunga mkono kabisa ifutwe, baba yangu mdogo aliwahi kulala porini siku mbili kukimbia mgambo kwa ajili ya hiyo kodi. Ilikuwa inamnyanyasa masikini. Lakini ndo ilikuwa hela ya halmashauri. 2016 ukusanyaji wa kodi ya majengo ukapelekwa TRA, mamlaka ya mapato ya serikali kuu. 2017 ushuru wa mazao ukashushwa kutoka asilimia 5 kwenda 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa ya chakula, mkulima akapumua, sawa. 2018 kodi ya majengo ikawa kiwango kimoja, 10,000 kwa nyumba ya kawaida na 50,000 kwa kila sakafu ya ghorofa. Desemba ya mwaka huohuo vikaja vitambulisho vya wajasiriamali vya 20,000, mwenye mauzo chini ya milioni 4 kwa mwaka akiwa nacho alikuwa haguswi na ushuru wa kila siku sokoni. 2021 kodi ya jengo ikaingizwa kwenye LUKU, 1,000 kwa mwezi, na 2023 ikapanda ikawa 1,500, ghorofa 7,500 kwa kila sakafu.

Ukiangalia moja moja kila uamuzi una sababu yake na mingine ni ya huruma kabisa. Ukizipanga zote pamoja unaona manispaa inanyang'anywa vyanzo vyake kimoja baada ya kingine, na kilicho kikubwa kuliko vyote ni kodi ya jengo, kwa sababu hicho ndo chanzo pekee ambacho hakikimbii. Nyumba haihami usiku. Mji ukikua, nyumba zinaongezeka, na watoto wanaongezeka pamoja nazo, kwa hiyo kodi ya jengo ndo ilikuwa kodi inayotembea sambamba na mahitaji ya shule. Sasa hivi inaenda kwanza mfuko mkuu wa serikali, na inayorudi halmashauri ni sehemu tu, tena mwananchi wa kawaida hawezi kuifuatilia akajua ya Gungu ilikuwa kiasi gani na imefanya nini.

Manispaa yetu ya Kigoma Ujiji ikabaki na nini? Ushuru wa soko, stendi, leseni, ushuru wa huduma kwa wafanyabiashara ambao kwa miaka mingi ulikuwa asilimia 0.3 ya mauzo, na mwalo, pale mitumbwi inaposhushia samaki. Twende mwaloni basi, maana watu wa mbali hawaelewi mji huu unaishi vipi. Nenda Kibirizi alfajiri wakati mitumbwi inarudi, utaona mji wote umeamka kule, dagaa wanamwagwa, akina mama wanagombania beseni, wapagazi, wenye maboti ya kwenda vijiji vya kaskazini, na katikati yao kijana wa ushuru na mashine ya posi inatoa karatasi ndogo kwa kila mzigo. Ila dagaa wanavuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu taa haifui dafu, wavuvi wanatulia, wanashona nyavu, na ile mashine ya posi inatulia nao. Halafu 2024 Ziwa Tanganyika likafungwa kuanzia tarehe 15 Mei mpaka tarehe 15 Agosti ili samaki wazaliane. Mimi sipingi kufunga ziwa, migebuka ilikuwa imeshakuwa ya kutafuta kwa tochi. Lakini miezi mitatu hiyo shule hazikufungwa miezi mitatu. Mapato ya mji yanafuata mwezi wa angani, shule inafuata kengele, kila asubuhi saa moja na nusu watoto wako mstarini.

Sasa mtu atasema, we unahangaika bure, shule si zinaendeshwa na serikali kuu? Ni kweli kwa kiasi kikubwa, mishahara ya walimu inatoka Hazina na ndivyo inavyotakiwa. Toka Januari 2016 elimu ni bila malipo, chini ya Waraka wa Elimu Namba 5 wa 2015, na watoto waliofurika madarasani mwaka ule ni ushahidi kwamba ada na michango ilikuwa inawafungia nje. Na fedha za ruzuku zinakuja kweli, zinaingia moja kwa moja akaunti ya shule. Tatizo liko kwenye kiasi. Ruzuku ya shule ya msingi ni 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, 4,000 inabaki juu kwa ajili ya vitabu, shule inapata 6,000. Hiyo 10,000 ilipangwa wakati wa MMEM, mpango wa maendeleo ya elimu ya msingi ulioanza 2002, ikiwa ni sawa na dola kumi za wakati ule. Leo hiyo hela haifiki hata dola tano. Mtoto aliyeanza darasa la kwanza 2002 sasa hivi ni mzazi, anapeleka mtoto wake shule ileile, na hesabu ni ileile.

Shule yenye watoto 900 inapata milioni 5 na laki 4 kwa mwaka. Gawa kwa miezi kumi na mbili ni laki 4 na nusu kwa mwezi. Humo kuna chaki, karatasi za mitihani, ukarabati, michezo, nauli ya mwalimu kwenda halmashauri, dawa ya choo. Mlinzi peke yake angeimeza karibu nusu. Ndo maana mwalimu mkuu kaandika 6,000 ubaoni. Angalia vizuri namba hiyo, ni sawasawa na ile inayotoka serikalini. Sijui kama alipanga iwe hivyo au ilitokea tu, lakini kwa lugha nyepesi anatuambia ruzuku ilipaswa iwe mara mbili ya hapo, na hiyo nusu nyingine mtoe ninyi.

Kisheria anapita njia nyembamba. Wote tunakumbuka Januari 2018 Rais Magufuli alivyopiga marufuku michango shuleni, walimu wakuu wakawa wanaogopa hata kutaja neno mchango, mzazi anayetaka kuchangia akaambiwa apeleke kwa mkurugenzi. Kwa hiyo sasa inaitwa makubaliano ya wazazi, mnakaa, mnanyoosha mikono, mnaandika muhtasari. Na nani atanyoosha mkono kukataa mlinzi wa shule ya mwanae? Hakuna. Anayeshindwa kulipa haji kusema, mtoto wake anaanza tu kuchelewa, halafu anakosa Jumatatu, halafu siku moja unamkuta Kibirizi anaanika dagaa kwenye vichanja saa nne asubuhi.

Kuna suala la madarasa, na hapa lazima niwe mkweli. Miaka ya karibuni madarasa yamejengwa kuliko wakati wowote ninaoukumbuka. Hela za UVIKO, zile za korona, za 2021 zilijenga madarasa 15,000 nchi nzima kwa milioni 20 kila moja, kisha ikaja miradi ya kuboresha shule, BOOST kwa msingi na SEQUIP kwa sekondari. Hapa Kigoma tumeyaona, mazuri, yana vigae. Lakini hela zile ni mkopo, ya kwanza ilitoka IMF na hizo mbili nyingine Benki ya Dunia, wote makao yao Washington, zikija zinakuja kwa mafungu makubwa na zikiisha zinaisha. Mkopo unajenga darasa, haununui kitasa kikivunjika mwaka wa tatu. Darasa la vigae lililojengwa 2021 shuleni kwetu mlango mmoja unafungwa kwa kamba ya nailoni. Kitasa ni hela ya mji, hiyo sio hela ya Washington.

Na mji ukisema uchukue kwenye mapato yake ya ndani, kwanza unatakiwa kutoa asilimia 10 kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, halafu maelekezo yanataka fungu lingine kubwa liende miradi ya maendeleo kutegemea uwezo wa halmashauri, na kwenye fungu hilo kuna zahanati, ofisi za kata, soko, machinjio, kila diwani anavutia kwake. Sio kwamba madiwani hawapendi shule. Wanagawana sahani ndogo.

Wanaotetea kodi ya jengo kukaa serikali kuu wana hoja mbili nzito na sitaki kuzipita.

Ya kwanza wanasema halmashauri hazijui kukusanya, na zikikusanya hela zinapotea njiani. Soma ripoti za CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, karibu kila mwaka kuna mahali panaeleza wakusanyaji waliokusanya kwa posi na hela haikufika benki. Ni kweli na inauma, kwa sababu kila mmoja wao anatuharibia hoja sisi tunaodai mji upewe vyake. Lakini LUKU imeshamaliza tatizo hilo kwa upande wa jengo! Hakuna mgambo, hakuna posi, hakuna mtu anayeshika noti, makato yanatokea kwenye mtandao, na kila mita inajulikana iko mtaa gani. Kukusanya kubaki kwenye LUKU mimi sina shida kabisa. Ninachodai ni kwamba mfumo unaojua mita yangu iko Gungu unaweza pia kujua hela yangu ni ya Gungu.

Ya pili ni nzito zaidi. Wanasema kodi ikibaki ilikotoka, Masaki ya Dar watatajirika na Ujiji watabaki na vumbi. Hii naikubali, na mfano wake mkubwa uko Marekani, ambako shule za mtaa zinategemea sana kodi ya nyumba za eneo husika, matokeo yake mtoto wa mtaa wa matajiri anasoma shule yenye kila kitu na wa mtaa wa pili anakaa na vitabu vya zamani. Tena hata huko mji ukichezea kodi shule ndo inaumia. Chicago kuna utaratibu wanauita TIF, eneo likitangazwa kuwa la kuendelezwa, basi ongezeko lote la kodi ya majengo pale haliendi shule wala kwingine, linaingia mfuko maalumu wa kuendeleza eneo, na inaweza kuwa hivyo miaka 23. Miaka 23 ni mtoto kuzaliwa, kumaliza chuo na kuanza kazi. Maghorofa yanapanda, shule iliyo nyuma yake inahesabiwa kana kwamba mtaa bado ni uleule wa zamani. Walimu na wazazi wa kule wamelipigia kelele jambo hilo miaka mingi, na nikisoma habari zao najiona mimi na mita yangu, tofauti ni jina tu.

Kwa hiyo sisemi tuige Marekani, hapana. Mishahara ya walimu ibaki Hazina, vitabu vibaki Hazina, ruzuku ibaki Hazina na ipandishwe, hiyo ndo inayomlinda mtoto wa Buhigwe asizidiwe na wa Kinondoni. Ninachosema kuna vitu vidogo ambavyo Dodoma haiwezi kuviona hata ikitaka: kitasa, mlinzi, bomba lililopasuka, dawati lililobaki chuma. Vitu hivyo vinahitaji hela iliyo karibu, inayojulikana, isiyopungua mwezi ukiwa mpevu. Na hela hiyo ipo, inakatwa kila mwezi.

Tuchukulie kata ina mita 1,500 za nyumba za kawaida. Mita moja 18,000 kwa mwaka, jumla ni milioni 27. Sichukui yote. Chukua theluthi tu, milioni 9, ipeleke kwenye akaunti za shule za msingi za kata hiyo. Kama shule ziko tatu kila moja inapata milioni 3, na kwa shule yenye watoto 900 hiyo ni zaidi ya nusu ya ruzuku yote inayopata sasa. Mlinzi amelipwa, madawati yamerudishiwa mbao, ubao chini ya mwembe umeandikwa namba ndogo zaidi au haujaandikwa kabisa. Na hapo sijagusa ghorofa hata moja, wala sijasema tupandishe kodi, ni ileile tunayokatwa.

Kuna marekebisho mengine yanatakiwa yaende pamoja nayo. Wazee waliofika miaka 60 wanaokaa kwenye nyumba zao wana msamaha kisheria, lakini LUKU inakata kwanza, mzee wa Ujiji mwenye nyumba ya udongo ya miaka ya hamsini ndo ahangaike kwenda ofisini kuomba asikatwe, hii haifai, umri wake si uko NIDA. Na mpangaji, tuliambiwa tukubaliane na mwenye nyumba arudishe, nani anarudisha? Kwangu mimi hajawahi. Na kiwango kimoja kwa nyumba zote ni rahisi kukusanya ila sio haki, jumba la kifahari kule Bangwe linaloangalia ziwa likiwa halina ghorofa linalipa 1,500 sawa na nyumba ya bibi wa Rusimbi, wakati zamani tathmini ilikuwa inatofautisha.

Nimeongea na diwani wetu juu ya hili. Hakunipuuza, alinisikiliza mpaka mwisho, akasema wazo zuri ila kodi hiyo iko juu ya uwezo wa baraza. Najua iko juu, sheria ya fedha inapitishwa Bungeni kila Juni. Lakini baraza linaweza kuuliza kwa barua, kwa namba, kila robo mwaka: kata hii mita ngapi, zimekatwa kiasi gani, kimerudi kiasi gani. Hiyo haihitaji sheria mpya. Na majibu yakija yabandikwe shuleni pale pale kwenye mbao za matangazo, karibu na karatasi ya ruzuku, ili kikao kijacho yule mama wa dagaa akisimama awe ana kitu cha kushika mkononi.

Bajeti za halmashauri zinaanza kuandaliwa kuanzia Novemba, na kamati ya maendeleo ya kata itakaa kabla ya hapo. Mimi nimeshaanza kukusanya risiti za LUKU za nyumba za mtaa wetu, mpaka jana nilikuwa na 41. Yule mama kaniletea ya kwake pia. Imekunjwa mara nne, inanuka dagaa, na kwa nyuma kaandika kwa kalamu majina ya wanae wanne na madarasa yao.